Watafuta Kazi wa Pwani ya Kusini: Wanatafuta Nini?

Katika kivuko cha Likoni mtu huona kwa macho yake jinsi haja ya kazi ilivyo kubwa katika pwani yetu. Alfajiri, kabla jua halijapanda, maelfu ya watu hushuka mteremko wa Likoni kwa miguu ili wavuke kuingia kisiwa cha Mombasa. Mwenda kwa miguu halipi kitu. Katika umati huo wamo waashi, wapagazi, walinzi, akina mama wauza samaki, makarani na wanafunzi. Na wamo wengi pia ambao hawana kazi waiendeayo, bali wanakwenda kuiulizia. Jioni umati ule ule hurudi, na mwenye kupata na mwenye kukosa hupanda feri moja.

Mimi nilivuka nikielekea upande wa pili, kusini. Nilikuwa na siku chache za likizo, nikaazimia kuifuata barabara ya Lunga Lunga tangu mwanzo wake hadi karibu na mpaka wa Tanzania, ili nijue jambo moja. Kila siku husikia watu wakisema kwamba vijana wa Kwale wanatafuta kazi. Wengine huongeza kwamba wanachagua kazi, na wengine kwamba hawataki kazi bali fedha. Nilitaka kujua kutoka kwao wenyewe: wanatafuta nini hasa?

NCHI YENYEWE

Ukiisha kuipita Likoni, ambayo ni sehemu ya Mombasa, waingia Kaunti ya Kwale. Ng'ombeni na Waa ni vijiji vya minazi, miembe na mikorosho. Kombani ipo njia panda: mkono wa kulia barabara hupanda milima ya Shimba mpaka mji wa Kwale, makao ya serikali ya kaunti, na mbele huendelea kwenda Tiwi, Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga. Upande wa bara, huko Kinango, ni nchi kame ya Waduruma na mifugo yao. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kwale ilikuwa na watu 866,820.

Kwa muda mrefu mlango wa nchi hii ulikuwa ni feri tu. Feri ilipoharibika, kazi ziliharibika nayo. Mgonjwa alichelewa, na mboga zilinyauka garini. Mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu ilikamilika, pamoja na daraja la Mteza ambalo urefu wake ni karibu kilomita moja na nusu, na sasa gari laweza kutoka bara ya Mombasa hadi Kwale bila kungoja chombo. Vijana wengi niliozungumza nao huitaja barabara hiyo kwa matumaini. Husema kwamba viwanda vitakuja. Huenda vitakuja, lakini habari za nchi hii zatufundisha kwamba viwanda huja na viwanda huondoka, na hilo ndilo jambo ambalo msafiri hukutana nalo kila baada ya maili chache katika barabara hii.

KIBARUA NA ASILI YAKE

Kazi ya siku si jambo geni kwa watu wa Kwale. Katika zama za ukoloni Wadigo wengi walivuka Likoni, wakapakia na kupakua meli Kilindini kwa siku kadhaa, kisha wakarudi makwao kulima na kutunza minazi. Wakubwa wa wakati ule waliiona desturi hiyo kuwa ni uvivu. Mwenye shamba lake aliiona kuwa ni busara, kwa kuwa mshahara wa gatini haukutosha kumlisha mwaka mzima, na shamba peke yake halikumpa fedha za kodi na nguo. Baada ya migomo ya Mombasa ya mwaka 1939 na 1947, makampuni ya gatini na serikali walianza kutaka watu wa kudumu badala ya watu wa siku. Na katika miaka ya 1950 vibarua wa gatini wakaandikishwa, wakalazimishwa kuhudhuria kwa idadi ya siku zilizowekwa. Mkulima aliyekuwa akienda na kurudi ilimbidi achague, na wengi walichagua shamba.

Neno kibarua lenyewe lina habari yake. Maana yake ya asili ni barua ndogo. Mtu wa kazi ya siku alipewa kipande cha karatasi kuwa ushahidi wa kazi yake, na kwa karatasi hiyo alidai ujira. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Leo jina limebaki lakini karatasi imetoweka. Kibarua wa siku hizi hufanya kazi miezi, pengine miaka, na siku aambiwapo asirudi tena, huondoka bila hata mstari mmoja wa maandishi. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwani nilikutana nalo tena na tena njiani.

UBAO WA MATANGAZO KATIKA MJI WA KWALE

Nilipanda kwanza mji wa Kwale. Hewa yake ni baridi kuliko ya pwani, na msitu wa Shimba, ambamo wako tembo na palahala, u karibu kabisa. Hapo ndipo zilipo ofisi za kaunti, na karibu na ofisi kuna ubao wa matangazo. Vijana husimama mbele yake wakisoma polepole, na wengine huupiga picha kwa simu ili wakawasomee wenzao kijijini.

Wasomavyo ni hivi. Kwanza hutazama kama kazi ni ya kudumu au ya mkataba. Pili hutazama daraja la elimu. Tatu hutazama vyeti vinavyotakiwa, na hapo wengi hukata tamaa. Kwa miaka mingi mtafuta kazi wa Kenya alitakiwa alete, pamoja na barua yake ya maombi, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, cheti cha kodi, cheti cha mkopo wa masomo, cheti cha ofisi ya kupambana na rushwa, na cheti cha kampuni ya kuchunguza madeni. Baadhi ya vyeti hivi hulipiwa, na vyote huhitaji nauli na siku za kwenda na kurudi. Kijana asiye na kazi alilazimika kutumia fedha asizokuwa nazo ili apate ruhusa ya kuomba tu.

Mwaka 2022 sheria ya ajira ilirekebishwa. Sasa mwajiri hana ruhusa ya kumtaka mwombaji alete vyeti hivyo vya kibali mpaka awe ameamua kumpa kazi. Jambo hili ni jema, lakini nilistaajabu kuona ni wachache wanaolijua. Kijana mmoja alikuja na bahasha iliyojaa vyeti alivyovilipia kwa fedha za kuku wa mama yake, na kazi aliyoitaka ilikuwa nafasi moja tu. Karani asomaye habari hii na awaeleze jirani zake. Hilo ni jambo ambalo halimgharimu hata senti.

DIANI NA MAJIRA YAKE

Kutoka Kwale nilishuka tena Kombani nikaenda Ukunda, mji uliokua upesi kwa sababu ya hoteli za Diani. Diani yenyewe ni ufuo mrefu wa mchanga mweupe mfano wa unga. Matumbawe yaliyo mbele huvunja nguvu za mawimbi, na nyuma ya hoteli imebaki misitu ambamo mbega hurukaruka. Watu wamewatundikia ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke wasigongwe na magari. Kaskazini, mto Mwachema uingiapo baharini, pana msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi kabla hoteli ya kwanza haijawazwa.

Hoteli huajiri wapishi, wahudumu wa mezani, wasafishaji wa vyumba, watunza bustani, mafundi wa umeme na mabomba, madereva, walinzi na makarani. Nje ya malango yake wapo wengine wengi wanaoishi kwa hoteli bila kuajiriwa nazo: wachonga vinyago, wenye tukutuku, wauza madafu, wavuvi wapelekao pweza jikoni, akina mama wasukao nywele, na vijana wa ufuoni ambao huwatembeza wageni. Vijana hao husemwa vibaya mara nyingi. Lakini wapo miongoni mwao waliojifunza Kijerumani na Kiitaliano bila kukanyaga darasa, na wageni wa Poland walipozidi, wakajifunza Kipolandi pia. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Tatizo la kazi ya Diani ni kwamba ina majira. Wageni huwa wengi tangu Desemba hadi Machi, na tena katika Julai na Agosti. Aprili, Mei na Juni, mvua za masika zinyeshapo, vyumba huwa vitupu, na vibarua huambiwa wangoje mpaka waitwe. Sasa msomaji na atazame: miezi hiyo ndiyo pia miezi ya kusi, upepo wa kusini ambao huichafua bahari hata mwenye mtumbwi au ngalawa asiweze kwenda mbali. Kwa hiyo hoteli hufunga mkono wakati ule ule ambao bahari hufunga mkono. Anayetegemea hoteli na anayetegemea samaki hupata njaa katika mwezi mmoja. Ni shamba peke yake ambalo katika masika humwita mtu kazini, na ndiyo sababu familia nyingi za Kidigo hazikubali kuliacha shamba hata kama kijana wao amepata kazi ya hoteli. Mtu wa mbali huweza kusema kwamba hawajui kushika kazi. Ukweli ni kwamba wanajua majira ya nchi yao.

Tena, mbali na majira ya kila mwaka, yapo mabaya yasiyo na majira. Mwezi wa Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, watu wakauawa na wengine wakafukuzwa makwao, na habari zilipofika Ulaya wageni wakaacha kuja. Hoteli zilifunga milango, na maelfu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia na ndege za kimataifa zikasimamishwa, mambo yakawa yale yale.

Katika Ukunda nilizungumza na mwanamke kijana aliyefanya kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja kwa misimu mitatu. Nilimwuliza anatafuta nini sasa. Hakutaja mshahara. Alisema, "Ndugu yangu, natafuta mahali ambapo nikiondoka watakubali kwamba nilikuwapo." Kila alipoomba kazi mahali pengine aliulizwa ushahidi wa ujuzi wake, naye hakuwa nao, kwa kuwa misimu yote mitatu aliandikwa katika daftari la vibarua tu.

MSAMBWENI NA MCHANGA WA MADINI

Kusini ya Ukunda barabara hupita Gazi, kijiji cha kale cha pwani ambacho Mbaruk bin Rashid Mazrui alikifanya makao yake katika karne ya kumi na tisa. Siku hizi Gazi inajulikana kwa mikoko yake. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wameilinda na kuipanda, na hewa chafu inayonaswa na mikoko hiyo huhesabiwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa ng'ambo. Fedha zake hutumika kwa maji, shule na mambo mengine ya kijiji. Kazi zinazotokana nayo si nyingi, lakini mali yenyewe haiwezi kupakiwa melini ikaondoka.

Neno hilo nalisema kwa sababu ya jambo lililotukia hatua chache mbele. Katika Msambweni, upande wa bara, penye vijiji vya Maumba na Nguluku, palikuwa na mchanga wenye madini ya titani na zirkoni, ambayo hutumika katika kutengeneza rangi, vigae na vyuma vya thamani. Kampuni ya Base Titanium ilianza kuyachimba mwaka 2013, na mwaka 2014 meli ya kwanza ikapakia madini hayo Likoni. Ulikuwa mgodi mkubwa kupita yote nchini, na watu zaidi ya elfu moja walipata kazi humo, wengi wao wakiwa wenyeji wa Kwale. Nyumba za bati zilijengwa, watoto walisomeshwa, maduka ya Msambweni na Ukunda yakachangamka.

Mwezi wa Desemba 2024 uchimbaji ulikoma, kwa sababu mchanga wenye faida ulikuwa umekwisha. Hilo halikuwa la ghafula. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba mchanga una kipimo chake. Lakini kujua kwamba jambo litakuja si sawa na kujiandaa kwalo. Niliwakuta watu wa aina mbili waliotoka katika mgodi ule. Wa kwanza ni wale walioingia wakiwa vijana wasiojua lolote, wakafundishwa kuendesha mitambo mizito, kuchomelea vyuma, kupima mchanga katika maabara au kusimamia usalama wa kazi, na wakapata vyeti. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kupata kazi katika migodi na ujenzi mahali pengine. Wa pili ni wale waliofanya kazi zile zile za jasho mwanzo hadi mwisho. Hao wapo barazani, na kila gari geni lipitapo huulizana kama si la kampuni nyingine iliyokuja kupima mchanga.

Sisemi hayo kuwalaumu. Mtu hukamata kazi aliyopewa. Lakini nilijiuliza: kama kila mmoja angejua siku ile ya kwanza kwamba mgodi utadumu miaka kumi na moja, je, angetumia jioni zake kwa namna nyingine?

RAMISI

Jibu la swali hilo nililipata maili chache mbele, Ramisi. Hapo palikuwa na kiwanda cha sukari na mashamba makubwa ya miwa, ambayo yalivuta watu kutoka mbali. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Kwale. Mwaka 1988 kiwanda kikafungwa. Kwa zaidi ya miaka 20 mitambo ilikula kutu, mpaka kampuni mpya ilipojenga kiwanda kingine katika nchi hiyo hiyo na kuanza kusaga miwa katikati ya miaka ya 2010.

Mzee mmoja aliyeifanyia kazi Ramisi ya kale aliniambia hivi: "Mwanangu, siku kiwanda kilipofungwa, fundi wa mitambo alikunja mkeka wake akaenda Mombasa, akapata kazi kabla ya mwezi kwisha. Sisi wakata miwa tulibaki na mapanga yetu. Panga halina barua."

Na wale Wamakonde walikuwa na shida kubwa zaidi. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kwale, lakini hawakuwa na kitambulisho cha taifa, na bila kitambulisho mtu haajiriwi, hafungui hesabu ya benki, wala hasajili simu. Walichokuwa wakitafuta kabla ya kazi ni kuandikwa kuwa watu wa nchi. Mwezi wa Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Serikali iliwasikiliza, wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba wa pwani, ambao wengi wao ni wavuvi, walitambuliwa vivyo hivyo mwaka 2023. Msomaji ambaye kitambulisho chake kimekaa mfukoni tangu alipotimiza miaka 18 huenda hajui kwamba wapo majirani zake ambao karatasi hiyo waliifuata kwa miguu kutoka Kwale.

SHIMONI, KIBUYUNI NA NG'AMBO

Mwisho wa safari yangu ulikuwa Shimoni, penye mapango na jumba la zamani la Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Ng'ambo ya maji ni kisiwa cha Wasini. Karibu yake, katika kijiji cha Kibuyuni, niliwakuta akina mama majini, maji yakiwafika magotini, wakifunga vipande vya mwani katika kamba zilizonyoshwa kati ya vigingi. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, ukaanikwa, ukauzwa, na sehemu yake hutengenezwa sabuni. Bei si kubwa, na maji yakipata joto kupita kiasi mwani hufa. Lakini akina mama hao wana chama chao na daftari lao, na kila mmoja aweza kukueleza kamba zake ni ngapi. Sikumsikia mmoja wao akisema kwamba anatafuta kazi.

Vijana wa huko, waume kwa wake, huzungumza zaidi juu ya Saudia, Qatar na Dubai. Wasichana hutafuta kazi za nyumbani, wavulana ulinzi na udereva. Wapo waliokwenda wakajenga nyumba ya mawe, na wapo waliorudi na majeraha, au hawakurudi. Katikati yao na kazi husimama wakala, na hapo ndipo wengi huibiwa kabla hawajapanda ndege. Sheria ya mwaka 2016 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo huandikisha mawakala wanaoruhusiwa kupeleka watu ng'ambo. Wakala asiyekuwa katika orodha hiyo, anayepokea fedha kwa simu na kukutana na watu mkahawani, si wakala. Na mkataba uliotiwa sahihi bila kusomwa si mkataba, ni mtego. Mwenye kwenda na aache nakala ya mkataba na ya pasipoti mikononi mwa mzazi au ndugu asomaye.

KINACHOBAKI MKONONI

Tangu Likoni hadi Shimoni niliwasikia watu wakijibu swali langu kwa maneno mbalimbali, lakini maana ilikuwa moja. Si kweli kwamba vijana wa pwani ya kusini wanachagua kazi. Wengi wao wamekwisha kufanya kazi: ya mjengo, ya hoteli, ya miwa, ya mgodi, ya bahari. Wanachotafuta ni kazi ya kudumu. Nami kwa upande wangu naona kwamba kazi ya kudumu, kama wazazi wetu walivyoielewa, ni chache katika nchi hii na itazidi kuwa chache. Sukari iliondoka mwaka 1988, wageni waliondoka mwaka 1997 na 2020, na madini yalikwisha mwaka 2024. Kwa hiyo mtafuta kazi mwenye akili hatauliza tu, "Je, ipo kazi?" Atauliza pia, "Kazi hii ikiondoka, nitabaki na nini mkononi?"

Na katika jambo hilo sheria humsaidia kuliko anavyodhani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa mtu wa siku. Apasa kuhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi pamoja na haki zake. Tena yasema kwamba mfanyakazi anapoacha kazi aliyoifanya kwa majuma manne mfululizo au zaidi, mwajiri hana budi kumpa cheti cha utumishi, chenye jina lake, aina ya kazi, siku aliyoanza na siku aliyomaliza. Kumnyima ni kosa. Yule dada wa Ukunda, kama aliandikwa kwa miezi mfululizo katika kila msimu, alikuwa na haki ya vyeti vitatu, naye hakuomba hata kimoja kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Pia kuna mtihani wa ufundi wa serikali, wenye madaraja matatu, wa tatu ukiwa wa chini na wa kwanza ukiwa wa juu. Mwashi, seremala, fundi wa umeme au mpishi aliyejifunza kwa mkono, bila kwenda chuoni, aweza kuufanya na kupata cheti chenye nguvu kama cha mwingine. Na vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo Katiba ya mwaka 2010 iliviweka mikononi mwa kaunti, viko karibu na watu kuliko vyuo vya Mombasa. Miezi ya kusi, hoteli zikiwa tupu na bahari ikiwa chafu, ndiyo miezi inayofaa kwa mambo hayo, kwa yule ambaye shamba lake limekwisha kupandwa.

Kwa wasomaji wetu walio wakulima nina neno moja: msiwaone vijana wenu kuwa wamepotea kwa kwenda Diani au ng'ambo, bali waulizeni warudipo wamejifunza nini, na shamba lisigawanywe wala kuuzwa kwa ajili ya nauli ya wakala. Kwa makarani wenzangu nina neno jingine. Sisi ndio tushikao kalamu. Katika kila hoteli, kila shamba na kila kampuni ya ujenzi kuna karani ambaye huandika majina ya vibarua asubuhi na kuyafuta mwisho wa msimu. Cheti cha utumishi huchukua dakika kumi kuandikwa. Mwenye kukiandika humrudishia kibarua ile barua ndogo ambayo jina lake lilitokana nayo.

Niliporudi, garini kutoka Lunga Lunga mlikuwa na vijana wawili wenye mifuko midogo, wakienda Mombasa. Mmoja alikuwa amesikia kwamba kuna ujenzi Dongo Kundu. Mwenzake alimwuliza, "Kazi yenyewe ni ya muda gani?" Nilifurahi kulisikia swali hilo, nikawaeleza habari ya cheti cha utumishi mpaka tulipofika Ukunda.